Je, kipindi kilichofutwa kwenye kanda kinaweza kurudi?

SWALI: Nimepata kanda ya video ya inchi 2. Lebo ya kipindi cha mwaka 1967 imekatwa kwa kalamu, na jina la kipindi kingine limeandikwa juu yake. Fundi mmoja anadai ana programu ya kompyuta ya kutoa picha ya zamani iliyo "chini" ya mpya. Nimkabidhi?

JIBU: Usimkabidhi. Katika mashine hizo, kanda hupita kwanza kwenye hedi (kichwa cha sumaku kinachogusa kanda) ya kufuta inayosafisha upana wote wa mm 50.8, ndipo ifike kwenye hedi 4 za kurekodi zinazozunguka. Ishara mpya hurekodiwa kwa nguvu inayoijaza sumaku ya kanda hadi ukomo. Hapabaki kitu cha kuunda hata fremu moja. NASA, ilipohitimisha mwaka 2009 kwamba kanda asili za Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini, yaelekea zilifutwa na kutumiwa tena, haikujaribu kuzifufua. Ilisafisha nakala za matangazo zilizohifadhiwa kwingine.

Wauza ndoto hawa hupenda kutaja Dad's Army, tamthilia ya kuchekesha ya televisheni ya Uingereza, ambayo kipindi chake kimoja kilirudishiwa rangi mwaka 2008. Hapo filamu ya nyeusi na nyeupe ilikuwepo tayari. Ilipigwa kutoka kwenye skrini, na vidoti vya ishara ya rangi vikanaswa humo. Hakuna kanda iliyofutwa iliyofufuliwa.

Tumaini la kweli liko mkiani. Kama kipindi cha pili kilikuwa kifupi na kanda haikufutwa nzima kwa sumaku kubwa kabla ya kutumiwa tena, dakika za mwisho za kile cha 1967 huenda bado zipo. Mwombe mtaalamu wa hifadhi aicheze hadi mwisho kabisa, si hadi kipindi kipya kinapoishia. Kabla ya hapo, isimamishe wima mahali pakavu penye ubaridi, na mtu asiiingize kwenye oveni. Kuoka ni tiba ya kanda zinazonata kwa sababu gundi yake imefyonza unyevu, na hufanywa karibu na nyuzi 50 kwa saa nyingi katika kifaa kinachodhibiti joto. Oveni ya jikoni hupanda na kushuka, ikaipinda kanda. Mashine mbovu nayo huchubua: hedi za mashine za inchi 2 hujikandamiza ndani ya kanda, na mchubuko mmoja huondoa picha isirudi tena.

Nawasihi wote wenye vitu kama hivi: pesa za "programu" zitumieni kutafuta filamu. Vituo viliuza vipindi ng'ambo vikiwa filamu za mm 16, na huko ndiko vilikookoka. Vipindi 9 vya Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, vilivyotangazwa kupatikana mwaka 2013 vilikuwa filamu za namna hiyo, kituoni Jos, Nigeria. Mkikuta kopo la filamu linalonuka siki, filamu imeanza kuoza: itengeni na nyingine, msiipitishe kwenye projekta, wekeni kopo penye ubaridi hadi iskaniwe.