Jibu: Watoto kunyamaza mbele ya wazazi

Asalaam aleikum, dada. Umeuliza kwa nini watoto wa mtaa wenu hapo Malindi walinyamaza mlipowakalisha na wazazi wao kuzungumzia unga, yaani heroini, na muguka, majani ya kulevya yanayotafunwa kama miraa. Kwanza tazameni mlivyokaa. Sisi tulipotenganisha vikao, watoto chini ya mwembe baada ya alasiri na wazazi barazani, mvulana wa miaka 12 alitoa mfukoni kifuko cha muguka, majani yameshanyauka, akaeleza kwamba alikinunua kwa chenji ya mkate. Habari hiyo tuliwafikishia wazazi bila kumtaja jina, nao wakaanza kuuliza badala ya kufoka. Aliyekwisha kuzama kwenye unga msimfukuze nyumbani: hospitali ya Malindi hutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, na simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, nayo hupigwa bila malipo.