Mavyaa hakuchukii, anangoja useme

*Shangazi, mimi ni wa Malindi, nimeolewa Lamu mwaka jana. Tunaishi Langoni na mavyaa. Mbele za watu ulimi unanikatika. Siku ya tatu tu tangu niingie nyumba ile, mavyaa alinikabidhi mbuzi nikune nazi. Wageni wake wakija najifungia chumbani. Siku moja nilimwambia bibi mmoja "mambo", mawifi wanacheka hadi leo. Mume wangu hanitetei, ananiambia "zungumza tu". Faraja yangu ni shoga zangu wa Malindi, tunatumiana sauti za WhatsApp mpaka usingizi unichukue. Kila asubuhi mavyaa huniuliza nimelalaje, najua ananichunguza. Nifanyeje nijiamini? – Bi Kimya*

Pole, mwanangu. Haya mbele za watu inachoma, najua.

Lakini ulimi wako mzima. Aliyekatika ulimi hakeshi akipiga soga na mashoga. Sauti ya simu ukiikosea unaifuta, unarekodi nyingine mpaka itoke tamu. Umezoea kutoa maneno yaliyokwisha kupigwa pasi, na sebuleni kwa mavyaa hakuna pasi.

Tena huyo mama unamsingizia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lako lilikuwa mbuzi ya nazi. Alikuketisha jikoni, wanawake wa nyumba wanapozungumzia, mikono ina kazi na macho yako kwenye sinia, hakuna anayekukodolea. Pa kuanzia kusema papi pepesi kuliko hapo? Anakuuliza umelalaje, naona unajibu "vizuri" halafu unapotea. Nani anamchunguza nani? Angeniandikia yeye, nahisi barua ingeanza hivi: mke wa mwanangu hanisemeshi.

Na lile "mambo"! Bibi mtu mzima wa Lamu hasalimiwi hivyo, na Malindi pia hasalimiwi hivyo, usijifanye hukulelewa. Mpe shikamoo, pokea marahaba, kisha uliza hali, wajukuu, na ule mguu unaomsumbua. Salamu zetu za pwani ni ndefu, na urefu huo unamfaa mwenye haya kuliko mtu yeyote, kwa sababu maneno yapo tayari, hubuni kitu. Zikiisha, na moyo umeshatulia.

Moyo kudunda si ugonjwa. Hupanda, na ukikaa hushuka wenyewe. Ukikimbilia chumbani kabla haujashuka unajifundisha kwamba usalama uko chumbani tu, na kesho sebule inatisha zaidi. Basi kaa, hata dakika kumi. Si lazima usimulie. Uliza, tena uliza mambo anayoyajua mwenzako. Samaki wa kupaka, lile tui zito analipaka lini asiungue? Akijibu, shika neno moja katika jibu lake uulize la pili. Na kabla ya mavyaa, jizoeze kwa muuza mahamri asubuhi, umuulize ya leo yana iliki, usinyooshe pesa kimya kimya kama bubu.

Siku hizi ndoa zinaanzia kwenye simu. Vijana mwaka mzima wanatumiana vimioyo, wakitiwa chumba kimoja hawana la kuambiana ila "umekula?" Wazee wetu walijenga madaka milangoni, viti vya mawe huku na huku, watu wakae wazungumze. UNESCO wameutia mji wa kale wa Lamu kwenye urithi wa dunia tangu 2001, wageni wanavuka bahari kuja kupiga picha milango na madaka hayo, na wenyewe tumeketi juu yake tumeinamia simu. Linanikera jambo hili, nisamehe nimetoka njiani.

Mumeo ana kosa, ila dogo. "Zungumza tu" haimsaidii mwenye haya. Mwombe mbele ya wageni akufungulie mlango, aseme, "Muulizeni mke wangu habari za Malindi," kisha anyamaze ujibu mwenyewe. Kukutetea kwa mamake usimwombe, mama hajakosa. Na hao mawifi, wakikumbusha tena lile "mambo", cheka nao, halafu uwaulize siku ya harusi walipofika Malindi walimwamkia mamako vipi.