SWR 1.3 kwenye mita haitoshi kusema antena ni nzima

Mkuu umesema mita iliyo nyuma ya redio inasoma SWR 1.3 kwenye 145 MHz (SWR inaonyesha nguvu kiasi gani inarudi badala ya kutoka hewani, 1 maana yake hairudi kitu), kebo ni RG-58, ile nyembamba, urefu mita 20, alafu wenzako wanakusikia kwa shida, unauliza mbovu ni redio au antena. Redio iache kwanza, na hiyo 1.3 usiiamini bado.

Yalishanikuta haya. Nilikaa miezi na antena ya VHF juu ya paa, kila nikipima napata 1.2, nikafungua redio mara mbili kutafuta tatizo, kumbe maji yaliingia kwenye konekta ya juu yakashuka ndani ya kebo, nilipoichana ule msuko wa shaba umeshakuwa mweusi kabisa. Kebo ilikuwa inakula nguvu wakati inapanda, na ile inayorudishwa na antena inaliwa tena wakati inashuka, sasa mita iliyokaa huku chini inaona kinachorudi ni kidogo sana, inakwambia mambo safi.

Piga hesabu uone. RG-58 nzima kabisa, mita 20, kwenye 145 MHz inapoteza kama dB 4, yani ukitoa wati 10 juu zinafika 4 tu. Tuseme antena yako ina SWR 3, hiyo inarudisha robo ya kilichoifikia, wati 1. Nayo ikishuka inakatwa vilevile inafika chini 0.4. Kwaiyo mita inaona zimeenda 10 imerudi 0.4, ambayo ni asilimia 4, inakuandikia 1.5! Na kebo hiyohiyo ikiwa haina antena kabisa huku juu, SWR chini ingesoma kama 2.3 hivi wakati ukweli ni kwamba hakuna kitu kinatoka hewani.

We fanya hivi, chukua dami lodi ya ohm 50 (kifaa kinachofungwa badala ya antena, kinameza nguvu yote), ifunge karibu na redio mita ikiwa katikati, lazima isome 1 au karibu sana na hapo, isiposoma hivyo basi mita au kipande cha kebo kina shida. Alafu panda nayo juu, toa antena, funga mita na dami lodi mwisho wa kebo, mtu mmoja abonyeze kitufe cha kutuma huku chini kwa nguvu ndogo, wati 5 zinatosha, usome juu zimefika ngapi. Kipimo hiki watu wengi wanakiruka na mi naona ndo cha maana kuliko vyote. Kama mita yako ni ya kuset sindano mwenyewe kwanza, iset upya kila ukibadili nguvu au masafa.

Ukishajua hali ya kebo, rudisha antena na upime palepale chini ya antena kwa kipande kifupi, kwenye 144, 145 na 146. SWR ikiwa ndogo kwenye 144 na inapanda kwenda 146, antena ni ndefu, kata milimita chache tu upime tena (acha kutuma kwanza, usishike antena mtu akiwa hewani, inaunguza). Ikiwa ndogo upande wa 146 ni fupi, ongeza. Na ukiona namba inacheza ukishika kebo au ukiisogeza, kuna mkondo unatembea nje ya ule msuko, vipete kadhaa vya feraiti ukivivisha kwenye kebo karibu na antena vinasaidia sana.

Usihangaike kutafuta 1.1, SWR 1.5 inarudisha asilimia 4 na 2 inarudisha 11 hivi, hakuna atakayesikia tofauti. Na tyuna (kifaa cha kuilinganisha redio na antena) usinunue kwa ajili ya hili, ukiiweka karibu na redio inaituliza redio tu, hasara ya kwenye kebo inabaki palepale.

Ukituma wati 5 na juu zikafika chini ya 2, hiyo kebo itoe, weka nene zaidi, na konekta ya juu izungushie tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe kabla hujashuka.