Barua kwa Rehema: Pasipoti ilale alipolala mwenye jina

Mwanangu Rehema,

Waalaikum salaam. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama yako naye kaitikia kabla sijamaliza kumsomea ujumbe wako. Sote hatujambo, na Zaituni anakusalimu sana.

Umeniuliza kama yule kaka wa huko Pune, India, anayeshughulikia visa za wanafunzi ni mtu wa kuaminika. Unasema anataka umpe pasipoti yako na rupia elfu nane, akuongezee muda. Unasema visa inakwisha mwezi ujao, ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni kila ukienda kufuata barua ya bonafaidi, ile ya kuthibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi wao, wanakwambia njoo kesho, na wenzako watatu wameshampa pasipoti zao.

Mimi huyo kaka simjui. Huenda ni mtu mwema, anaswali na kuwasaidia watoto wa watu, na uaminifu wake siwezi kuupima nikiwa huku Bombo, Uganda. Mimi nina swali langu: ukishampa, pasipoti yako italala wapi? Sandukuni kwake? Kwenye mkoba wa kompyuta anaopanda nao mabasi? Pamoja na za akina nani? Ukiihitaji usiku wa manane, utamwamsha nani?

Najua unasoma huku ukisema Baba kaanza tena habari za Juba. Ndiyo, nimeanza. Wewe unaijua ile sehemu ya nyumbani tu, ya muhula wa tatu uliokaa ukikanda unga wa mikate ya gurusa na shangazi yako wakati wenzako wako darasani. Sehemu ya kabati sijawahi kukueleza vizuri.

Ile kampuni niliyokuwa naiendeshea lori ilikuwa na utaratibu wake kule Juba, Sudan Kusini. Ukifika yadini, kabla hata hujafungua turubai, unamkabidhi ejenti wao pasipoti. Walisema ni kwa ajili ya visa, kwamba yeye ndiye anayezipeleka zote pamoja zikagongwe mihuri. Sababu ya pili haikusemwa ila kila dereva aliijua: dereva asiye na pasipoti mfukoni hawezi kuacha lori akahamia kwa tajiri mwingine. Ukikataa kutoa, safari anapewa mwenzako. Na nyumbani kulikuwa na ada ya shule inasubiri. Tukawa tunatoa.

Ejenti alikuwa na kabati la chuma la kijani, na pasipoti zilikaa droo ya pili kutoka juu. Alizifunga kwa mipira, Wakenya fungu lao, sisi Waganda fungu letu, na jioni alilowesha kidole gumba akazihesabu kama noti. Yangu niliitambua kwa mbali. Ilikuwa na doa la grisi kwenye kona, la siku ile tulipobadilisha springi pale Karuma na mvua ikinyesha. Nikiliona lile doa moyo unatulia. Nikijiambia, ipo.

Ikaja Julai ya 2016. Idi tuliila palepale yadini, Jumatano, mchele na nyama ya mbuzi tuliyochangiana. Ijumaa jioni, tarehe 8, milio ikaanza upande wa ikulu. Jumamosi kukatulia kidogo, na kutulia huko ndiko kulikompa ejenti nafasi ya kuondoka. Alifunga ofisi kwa kufuli, akaingia kwenye gari la watu tusiowajua, ndiyo ikawa mwisho wa kumwona. Jumapili milio ikarudi, mikubwa kuliko ile ya kwanza. Tulilala chini ya trela hadi Jumatatu jioni walipotangaza kusitisha mapigano.

Sasa sikiliza, mwanangu. Dirisha la ofisi lilikuwa na nondo, na kioo kilikuwa kimeshavunjika. Ukisimama pale unaliona kabati. Unaiona droo ya pili. Hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama kulikuwa na jina langu, picha yangu na mahali nilipozaliwa, na mimi nimeshika nondo. Dereva mmoja Mkenya alikuja na chuma cha jeki avunje mlango. Mlinzi, mzee wa makamo ya babu yako, akasimama mbele yake, akasema kwa upole, mkivunja nyinyi mtaondoka, mimi ndiye nitakayeulizwa. Hakuwa na bunduki, hata fimbo hakuwa nayo. Tukamwacha. Mpaka leo sijui kama ilikuwa haki. Kuna siku nasema tulifanya vyema, tulimwokoa mzee wa watu. Kuna siku nasema droo ile ilikuwa na mali yetu, na mtu haibi kilicho chake. Mama yako ameshachoka kunisikia.

Jeshi letu lilipokuja kutuchukua katikati ya Julai, tukapanda, tukafuata barabara ya Nimule. Mama yako alikuwa anaenda kusimama barabarani pale Bombo kila alfajiri, akitazama magari yanayopita kuelekea kaskazini na yale yanayorudi, lakini hilo atakusimulia mwenyewe. Elegu, mpakani kwetu, ndipo palipouma. Wenye pasipoti walipita. Tusio nazo tuliambiwa tukae kando, na mtu mmoja mwenye daftari akaja kutuuliza mmojammoja. Alipofika kwangu alikuwa ameshanisikia nikizungumza na mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili. Mama yule alisema Kiarabu cha Juba, mimi nikamjibu kwa Kinubi chetu, tukaelewana bila shida, kama unavyojua. Yule bwana akanitazama, akasema, wewe ni wa kule, umejiingiza tu kwenye magari ya Waganda.

Rehema, mimi nimezaliwa Bombo. Baba yangu kazaliwa Bombo na kaburi lake unalijua. Wanubi tumo kwenye Katiba ya 1995, kwenye orodha ya makabila ya nchi hii, tumeandikwa kama Waganda wengine wote. Na siku ile nilikaa juu ya jiwe nikithibitisha kwamba mimi ni mtu wa kwetu, kwa sababu karatasi inayosema hivyo ilikuwa kwenye droo ya mtu mwingine. Nilitaja msikiti, nikataja soko, nikataja kambi na shule yako. Mwishowe askari kijana aliyewahi kuishi kambini Bombo akaniuliza maswali mawili ya mtaani kwetu, nikayajibu, akamwambia yule bwana, mwache apite. Nikapita. Lakini nilipita kwa hisani ya mtu, na hiyo ndiyo inayonichoma.

Pasipoti haikurudi. Kampuni ikasema hasara ni ya kila mtu na chake. Wakati nafuatilia barua ya polisi na kupanga foleni Kampala kupata nyingine, lori langu likapewa dereva mwingine. Yaliyofuata unayajua, uliyakanda kwa mikono yako.

Ndiyo maana nasema, na nitasema hadi nizikwe: pasipoti ilale alipolala mwenye jina.

Mama yako hapa ananikatiza. Anasema, mbona tulipokwenda kukuombea visa, ubalozi wa India pale Kampala ulikaa na pasipoti ya mtoto na hukupiga kelele? Ni kweli. Tuliiacha, na usingizi haukuja. Lakini tuliiacha dirishani, tukapewa risiti, na risiti ile mama yako akaiweka ndani ya mfuko wa Msahafu mpaka siku ya kuifuata. Basi nirekebishe: ilale alipolala mwenye jina, au ilale ofisini penye risiti. Hata hivyo najibishana na nafsi yangu, kwa sababu ejenti wa Juba naye alikuwa na daftari tukitia sahihi. Risiti ya mtu aliyekimbia utaipeleka kwa nani? Labda niseme ofisi ambayo kesho utaikuta palepale, na bosi wake utamkuta palepale.

Tuje kwenye lako. Mwaka wa kwanza ulipofika ulinieleza wewe mwenyewe kwa simu, nikafurahi kuona unaijua kazi. Ulisema mwenye visa ya masomo ya zaidi ya siku 180 lazima ajiandikishe FRRO, ofisi yao ya kusajili wageni, ndani ya siku 14 tangu afike. Ulisema yote yalifanyika kwenye mtandao wao wa e-FRRO: ukapakia picha ya pasipoti, visa, barua ya chuo na karatasi ya mahali unapokaa, ukalipa, kibali kikaja kwa barua pepe. Hakuna aliyeishika pasipoti yako. Kuongeza muda nako kunapita mlango huohuo. Na wakitaka kumwona mtu ofisini, watamwita mwenye jina.

Sasa huyo kaka anakitakia nini kitabu chenyewe? Kama kazi yake ni kujaza fomu, picha ya kurasa inamtosha. Hilo muulize kwa adabu, usikilize atakavyojibu.

Nakubali kwamba una mitihani, na kujaza zile fomu kunachosha, na mtu akikusaidia akalipwa jasho lake si dhambi. Nakubali pia kwamba tarehe haimsubiri mtu. Visa ikipita kabla hujaomba, kuna faini, na hata kutoka nchini utahitaji kibali cha kutokea, na hilo doa linabaki kwenye kumbukumbu zao siku utakapoomba tena. Kwa hiyo siwezi kukwambia tulia, mambo yatakuwa sawa. Una haki ya kuhangaika.

Lakini kinachonitia hofu kuliko pasipoti ni ile barua. Chuo hakijakupa bonafaidi. Yeye anasema atamaliza kila kitu. Barua ataitoa wapi? Kama anamjua karani wa chuo na atamkumbusha tu, sawa. Kama ana njia nyingine ya kupata karatasi yenye mhuri, hiyo karatasi itaingia serikalini ikiwa na jina lako, si lake. Wakija kuichunguza yeye hayumo popote. Wewe ndiye utakayeitwa, mwaka wa tatu wa famasia, umebakiza mmoja.

Na ikipotea mikononi mwake? Ubalozi wetu uko New Delhi. Kutoka Pune ni kama kilomita 1,400, na utasafiri bila kitambulisho cha kumwonyesha mtu yeyote njiani, wala cha kuonyesha hotelini unapolala. Fikiria hilo.

Ungekuwa hapa ningekwambia hivi: chukua kalamu, andika ombi la bonafaidi kwa karatasi, nakala mbili, utaje tarehe visa inapokwisha. Nakala moja waache nayo, ya pili wakupigie mhuri wa kupokea na tarehe. Karani anayesema njoo kesho huongea tofauti akiona kesho yake imeandikwa. Kama bado, nenda kwa mkuu wa idara yako, yule mama uliyesema anakupenda kwa sababu hukosi maabara. Nenda na wanafunzi wengine wa kwetu, maana huwezi kuwa peke yako uliyekwama. Hiyo nimeifanya mipakani maisha yangu yote, Malaba, Busia, Elegu, na inafanya kazi.

Mama yako anasema nimwambie mtoto wazi, mpe au usimpe, niache kuzunguka. Ulimi unaniwasha, Rehema. Lakini ulipoacha ualimu niliokupangia ukachagua famasia, na ikawa wewe ndiye uliyeona mbali, niliahidi mbele ya babu yako mdogo kwamba sitakuamulia tena jambo la huko nikiwa huku. Wewe ndiye unayeziona sura zao. Huenda kuna ninalolikosa. Huenda India ya leo si Juba ya siku zile, na mimi naogopa kabati lililobaki mbali. Amua wewe. Nimesema amua wewe, na sipendi kabisa kulisema.

Ila kabla hujaamua, fanya moja. Wale wenzako watatu, waulize leo, si kesho, pasipoti zao ziko wapi sasa hivi. Wasikwambie ziko kwa kaka. Wamwombe awatumie picha, kila mmoja ya kwake, leo hii.

Ada ya kuongeza muda nitaituma Ijumaa baada ya swala, pamoja na kidogo cha chakula. Naituma kwa jina lako, ulipe mwenyewe kwenye mtandao wao. Zile rupia elfu nane sijaziweka humo. Kadi yako ya homa ya manjano mama yako anauliza kama bado unayo, usije ukaitafuta siku ya kusafiri.

Baba yako,
Bombo