Maswali ya Wasomaji: Kishindo cha Wati 100 Ndani ya Nyumba ya Ghorofa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata ampu ya gitaa ya Marshall 1959 Super Lead, wati 100, inayotumia valvu (taa za kioo zinazokuza sauti), pamoja na kabati lake la spika nne lenye omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Naishi ghorofani, na ampu hii hainogi mpaka volyumu ifunguliwe karibu yote, jambo ambalo majirani hawawezi kulivumilia. Kuna mtu ananiuzia atenueta iliyotumika (kifaa cha kupunguza nguvu inayofika kwenye spika), ya wati 100 na omu 8, lakini rafiki yangu anasema vifaa hivyo huunguza valvu na transfoma. Je, ninunue? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya rafiki yako ina msingi, ila lawama ameielekeza kusiko. Kinachoua transfoma ya ampu ya valvu mara nyingi ni kukosa mzigo, yaani kifaa cha kupokea nguvu yake. Nguvu itokayo kwenye valvu hupitia transfoma kwenda kwenye spika. Njia hiyo ikikatika wakati unapiga, volti ndani ya transfoma hupanda ghafla kupita kiasi, cheche zikaruka baina ya nyaya zake au kwenye soketi za valvu, na hapo ukarabati huwa wa gharama kubwa. Atenueta nzima inayolingana na ampu huzuia hilo lisitokee, kwa sababu yenyewe ndiyo mzigo: hupokea nguvu yote, hugeuza sehemu kubwa kuwa joto, na kuiachia spika kiasi kidogo tu.

Hata hivyo, hiyo unayouziwa mimi nisingeinunua.

Tuanze na omu. Nyuma ya ampu yako kuna swichi ya kuchagua omu 4, 8 au 16, kwa hiyo ungeweza kuiweka kwenye 8 ili ilingane na atenueta. Tatizo linabaki kwenye kabati. Katika atenueta nyingi sahili, ukipunguza nguvu sana, mzigo unaoonekana na ampu ni ule wa atenueta yenyewe. Lakini ukipunguza kidogo tu, au ukairuhusu nguvu yote ipite, ampu iliyopangwa kwa omu 8 hujikuta inaendesha kabati la omu 16. Tafuta atenueta ya omu 16, ili ampu, atenueta na kabati vyote visome namba moja. Swichi hiyo, kwa njia, haiguswi kamwe ampu ikiwa inafanya kazi.

Sababu ya pili ni wati, na hapa ndipo wengi huponzwa na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Wati 100 za ampu yako hupimwa sauti ikiwa bado safi. Valvu zake nne za EL34 zikisukumwa mpaka sauti ianze kukwaruza, ncha za wimbi la umeme wa sauti hubanwa juu na chini, likakaribia umbo la mraba. Na wimbi la mraba kamili hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini lenye kimo kilekile. Kwa kuwa nia yako ni kuifungua volyumu karibu yote, atenueta ya wati 100 itakuwa ikifanya kazi kupita kipimo chake. Usishuke chini ya wati 150. Ukipata ya 200, bora zaidi.

Ukishaipata, zima ampu kabla ya kuunganisha chochote. Tumia waya wa spika pande zote mbili za atenueta. Waya wa gitaa una plagi ileile, lakini ndani yake mna uzi mwembamba uliozungushiwa wavu, nao unaweza kupata moto na kukatika, ukakurudisha kwenye balaa la kukosa mzigo. Soketi ya pili ya spika iliyo nyuma ya ampu iache wazi, kwani soketi hizo mbili zimeunganishwa sambamba, na spika ya pili ingebadilisha mzigo wa ampu. Atenueta yenyewe ipe nafasi ya hewa, mbali na zulia na mapazia.

Kimya cha chumba kisikudanganye: valvu zinafanya kazi kwa nguvu zote hata majirani wakiwa wamelala, na zitachakaa kama ambavyo zingechakaa jukwaani. Sahani ya chuma iliyo ndani ya valvu ikiwaka wekundu, au ukisikia harufu ya kuungua, zima mara moja umwite fundi. Usifungue ampu mwenyewe, kwani kapasita zake (vihifadhi vya umeme) huweza kubaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa.

Pia usitarajie miujiza. Kushuka kutoka wati 100 hadi wati 1 ni desibeli 20, ambazo kwa sikio ni kama robo ya kishindo cha awali. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa karibu desibeli 97 hadi 100 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita moja, kwa hiyo ghorofani utahitaji kushuka zaidi, na hapo besi na sauti za juu zitaonekana kufifia, kwani sikio huzipokea kwa udhaifu sauti ikiwa ndogo.

SWALI: Ampu yangu ni ya transista. Je, nami nahitaji atenueta? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Huihitaji. Mkwaruzo wa ampu nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwenye hatua za mwanzo, kabla ya volyumu kuu, kwa hiyo shusha volyumu hiyo na mkwaruzo utabaki.