Kiti cha gari, kigari cha kusukuma au mbeleko?

Shangazi, shikamoo. Nina ujauzito wa miezi saba, wa kwanza. Mimi na mume wangu tunaishi Kisasa, Dodoma, na tuna Toyota IST tuliyonunua kwa mkopo wa kazini. Kwa vitu vya kumbebea mtoto tumetenga laki nne, zaidi ya hapo hatuna. Mume wangu amependa kigari cha kusukuma alichokiona dukani, nacho kinamaliza hela yote. Mfanyakazi mwenzangu anatuuzia kiti cha mtoto cha kwenye gari, kilichotumika, kwa elfu themanini. Mama mkwe yuko Kondoa, anasema vyote ni mbwembwe: yeye kalea sita kwa mbeleko, na mtoto kwenye gari hupakatwa. Nikisema neno naonekana najifanya mzungu. Nianze na kipi, na mume wangu nimwambieje?
Mama Kijacho, Kisasa

Marahaba mwanangu, na Mungu akujalie ujifungue salama. Nunueni kiti cha gari. Kigari kisubiri.

Kigari kina mbadala, tena umejaa kabatini mwako: kanga, na mikono ya baba mtoto, na ya bibi akija kukuuguza. Kiti cha gari hakina mbadala. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, lenyewe husimama, ila waliomo ndani wanaendelea na mwendo ule ule mpaka wazuiwe. Mtoto wa kilo nne atachomoka mikononi hata kama aliyempakata ni mbeba zege wa Mtumba. Shirika la Afya Duniani linasema viti hivi vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ajalini kwa asilimia 71. Na ninyi hamtaishia kliniki na kurudi. Kondoa mtakwenda, zaidi ya kilomita 150 za lami, na madereva wa lami ile unawajua.

Kuna wanaodhani wamepata dawa kwa kufunga mkanda mmoja, mama na mtoto pamoja. Usifanye hivyo kamwe. Gari likigonga, uzito wako wote unamkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Sasa hicho cha elfu themanini. Mimi na mtumba hatuna ugomvi, lakini kiti cha gari hakinunuliwi kama blauzi ya Sabasaba. Muulize mwenzako waziwazi: gari kilimokuwa liliwahi kupata ajali? Akijiumauma, mshukuru uondoke, kwa sababu plastiki inaweza kuwa na ufa ndani na nje ikang'aa. Kisha kipindue. Chini au mgongoni pameandikwa tarehe ya kutengenezwa, na pengine ya mwisho wa matumizi. Watengenezaji wengi hutoa miaka 6 hadi 10. Kama kilikuwa kikishinda kwenye gari lililoegeshwa juani hapa Dodoma, nisingekigusa kikiwa kimebakiza mwaka mmoja. Mikanda yake yote iwepo, isiwe na nyuzi zilizochomoka, na kifungio kilie "tak" kila ukikibana.

Tafuta na lebo. Kiti kilichopimwa kwa utaratibu wa Ulaya kina lebo, mara nyingi ya rangi ya chungwa, yenye herufi E ndani ya duara na maandishi R44 au R129, yaani namba ya kanuni iliyotumika kukipima. Namba iliyo kando ya E ni ya nchi iliyokiidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Cha Marekani hakina E, kina maneno ya Kiingereza kwamba kinatimiza "Federal Motor Vehicle Safety Standards", pengine kwa kifupi FMVSS 213. Kwenye R44 namba ya idhini ianze na 03 au 04. Cha zamani zaidi ya hapo kiache. Na kisicho na lebo yoyote, hata kiwe kipya ndani ya nailoni, kibaki kwa mwenye duka. Nasema hasa vile vya kitambaa vinavyofanana na koti lenye mikanda, vya bei ya kutupa. Mtoto anafungwa vizuri, kitambaa chenyewe hakijashikwa na kitu cha maana.

Mwenzako akikosa majibu, tafuteni kipya cha kawaida, na hapa bajeti yenu ndiyo inaamua aina. Kile chenye mpini, kinachobebeka na mtoto ndani, kwa kawaida huishia kilo 13, yaani mwaka mmoja na kidogo. Kipo kingine kinachobaki ndani ya gari, kinaanza na mtoto mchanga mpaka kilo 18. Kwanza kinaangalia nyuma, baadaye kinageuzwa. Kwa mwenye laki nne mimi nachagua hiki cha pili, ili msirudi dukani mtoto akitimiza mwaka. Hakikisha tu kinalala vya kutosha kwa kichanga. Kikibaki wima, kichwa kinadondokea kifuani na pumzi inabanwa. Na msiwe na haraka ya kukigeuza: shingo ya mtoto mdogo ni dhaifu na kichwa ni kizito, kwa hiyo aangalie nyuma mpaka angalau miezi 15, na zaidi kama kiti kinaruhusu.

Kabla ya kulipa, kijaribuni kwenye IST yenu, hapohapo nje ya duka. Muuzaji akigoma, nendeni duka lingine. Ingiza vidole pale mgongo wa kiti cha nyuma unapokutana na pa kukalia. Ukikuta vyuma viwili vidogo, hiyo ni ISOFIX, na viti vingine hubana hapo. Usipovikuta usisikitike wala usiuziwe kiti kinachovihitaji; vipo vingi vinavyofungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, ule unaopita begani na kiunoni. Mkanda uwe mrefu wa kutosha kukizunguka. Kikae nyuma. Mbele penye eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajalini, ni marufuku kwa kiti kinachoangalia nyuma, maana eabegi ikifumuka inakipiga kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto.

Kazi hiyo mpe baba mtoto. Nadhani ndiyo jibu la swali lako la pili. Mume wako hana kosa. Ameona wenzake wakisukuma watoto, naye anataka mwanawe aonekane. Ukianza na "hela yetu haitoshi" utamgusa pabaya. Mwambie, "Baba nanihii, siku ya kutoka hospitali wewe ndiye utakayetuendesha, nataka tukae nyuma nikiwa na amani." Kisha mwachie kitabu cha maelekezo, akifunge, akitikise pale mkanda unapopita. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Mwanamume aliyekesha na kiti cha mwanawe hatakubali mtu ampakate mtoto ndani ya gari lake, hata mama yake mzazi.

Kwa mama mkwe usibishane. Mbeleko yake msifie, maana ana haki: mtoto akikaza shingo, mgongoni kwako atakwenda sokoni na kanisani au msikitini bila gharama. Omba akufundishe kufunga. La gari mwache mwanawe aliseme.

Utakapomfunga mtoto, usimvike sweta nene wala kumzungushia blanketi chini ya mikanda, hata Julai ile ya upepo. Nguo hunywea na mkanda unabaki umelegea. Mfunge kwanza, mkanda ukaze usiweze kuufinya kwa vidole, ndipo umfunike kanga juu. Gari likishinda juani, gusa vyuma vya kifungio kabla hajakaa, vinaunguza. Safari ya Kondoa isimamisheni njiani, mtoeni ajinyooshe, na mkifika asiachwe kulala humo. Kwenye bajaji kiti hakitakusaidia, hakuna cha kukifungia. Kwa hiyo miezi ya mwanzo, panapowezekana, safari za mtoto ziwe za gari lenu.

Kigari mtanunua mtoto akianza kukaa mwenyewe, miezi sita hivi, na kilichotumika kinatosha. Vile vyepesi vya kukunja vingi vimetengenezwa kwa mtoto anayekaa, kichanga anatakiwa alale sawasawa. Tena ukitoka lami ya Kisasa ni mchanga na changarawe, kwa hiyo angalia magurudumu makubwa, breki inayoshika kwenye mteremko na mikanda ya mabegani. Na jua likiwaka usikifunike chote kwa kanga kama wengi wanavyofanya. Hewa haipiti, na ndani joto linapanda haraka. Shusha paa lake tu, au toka saa kumi na moja jioni.