Hizo alama 53 zilikwenda wapi?

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza, katika ile tafakuri ya muhula ya maneno 600 anayoitaka mhadhiri wako, uitaje 47 ya takwimu au uandike tu yale masomo uliyofanya vizuri. Nitakuja huko. Kwanza nikuambie nilichokiona: umeijaza hiyo 47 kurasa mbili nzima, na hakuna mahali uliposema alama 53 zilizobaki zilikwenda wapi.

Kwa hiyo usiandike sentensi hata moja bado. Chukua karatasi ya mtihani iliyosahihishwa pamoja na zile za majaribio ya katikati ya muhula. Kama hazirudishwi, omba kuziona. Ukinyimwa, chukua karatasi ya maswali uyajibu upya. Kisha piga jedwali la safu nne: namba ya swali, alama zilizopotea, sababu, dawa. Safu ya tatu ndiyo inayowashinda watu, maana mkono hukimbilia kuandika "uzembe" kila mstari. Usiukubalie. Sababu hupimwa.

Lirudie swali kwenye karatasi tupu, daftari limefungwa, saa huitazami. Ukiliweza, basi ujuzi unao. Siku ile ulipungukiwa na muda, au ulilisoma swali vibaya, au uliteleza katika hesabu. Likikushinda, fungua ukurasa wa mada hiyo, usome, ufunge, ujaribu tena. Ukiliweza sasa, ulikuwa umesahau. Likikushinda hata daftari likiwa wazi mbele yako, hukuelewa, na kusoma tena peke yako hakutakufikisha popote. Mpelekee mhadhiri swali lenyewe na umwonyeshe mstari uliokwamia. Ukienda na "sielewi mada ya nne" utarudishiwa mada nzima ya nne.

Chukua mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani wake. Mtu amepewa sampuli, yaani sehemu tu ya kundi zima, akagawa kwa n (idadi ya thamani alizopewa) badala ya n kutoa 1. Huenda hajaelewa kwamba thamani za sampuli hukaa karibu na wastani wa sampuli hiyo kuliko zinavyokaa karibu na wastani wa kundi zima, hivyo mtawanyiko huonekana mdogo kuliko ulivyo na kigawanyo hupunguzwa ili kuurekebisha. Huenda alielewa wiki ya 5, akasahau wiki ya 14. Huenda neno "sampuli" hakuliona kabisa. Alama zilizopotea ni zilezile, ila dawa ni tatu na hazifanani. Ndiyo maana, na najua umechoka kulisikia kwangu, kosa lazima liitwe kwa jina.

Unaikumbuka ile 41 ya hisabati, mwaka wako wa pili wa sekondari? Uliileta, nikaitazama namba nyekundu juu, nikaikunja, ikaingia kabatini. Ukalala bila kula. Nilipokuja kuifungua, mwaka ulikuwa umekwisha. Alama 26 kati ya 59 ulizokosa zilipotea kwa jambo moja tu: palipokuwa na alama ya kutoa mbele ya mabano, uliibadilisha alama ya namba ya kwanza ukaiacha ya pili. −(x − 3) ukaiandika −x − 3, ukurasa hadi ukurasa. Lilikuwa jambo la kurekebishwa jioni moja, mwanangu, na wewe ulitembea mwaka mzima ukijiita mtu asiye na kichwa cha hesabu. Bado linaniuma. Namba ile ya juu ilinitosha, sikuuliza zaidi, na sasa nakuona wewe unaifanyia 47 yako vilevile.

Nikikisia, na ninavyokujua unavyosoma, kalamu ya rangi mkononi na usiku wa mwisho, mistari mingi itaandikwa "nilisahau". Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu kwa vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5 wasomaji waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, wasomaji 40. Na waliosoma tu ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Hapo ndipo penye mtego, maana ukurasa uliouzoea macho unafanana sana na ukurasa unaoujua.

Basi geuza daftari kuwa maswali. Kadi moja, swali moja, jibu nyuma. Kadi 10 hadi 15 kwa mada zinatosha. Jipime kesho yake, kisha siku ya 3, ya 7, ya 21. Kadi iliyokushinda inarudi mwanzo. Kadi huharibika kwa njia mbili. Mtu hunakili fasili nzima, akaishia kujipima mambo mengi kwa mkupuo bila kujua ni lipi lililomshinda. Au hugeuza kadi baada ya sekunde mbili. Andika jibu kwanza, hata ukiamini si sahihi, ndipo ugeuze.

Kwa takwimu kuna jambo la ziada. Mazoezi ya kitabuni hupangwa sura kwa sura, kwa hiyo unajua kanuni ya kutumia kabla hujalisoma swali. Mtihani haukuambii. Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika utafiti wao wa mwaka 2007, waliwapa wanafunzi maswali ya mijazo ya maumbo. Waliofanya aina moja moja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye waliochanganyiwa walipata 63, wenzao 20. Kwa hiyo chukua maswali mawili mawili kutoka kila mada, uyachanganye, na ujizoeze kuchagua kanuni kabla ya kukokotoa. Utakosa mengi zaidi mwanzoni. Usiogope.

La muda ni hesabu tu. Dakika 180 kwa alama 100, toa 15 za kukagua, unabaki na dakika 1.65 kwa kila alama. Swali la alama 20 lina dakika 33. Andika pembeni mwake saa ya kuliacha, na ikifika uliache.

Hapa najibishana na nafsi yangu. Nikikuambia kila alama ina jina, je, yale ya mwezi wa tatu yaliyotupata sote nyumbani nayaweka wapi? Jedwali halikujui ulikuwa umekaa kando ya kitanda cha nani. Ongeza sababu nyingine basi, ya mazingira. Lakini hata hiyo iwe na wiki na idadi: wiki ya 9 na ya 10 ulikosa mihadhara 4, na maswali 2 yalitoka humo. Sitaki uandike "muhula ulikuwa mgumu". Ulikuwa mgumu, najua, na bado sentensi hiyo haikusaidii.

Jumlisha safu ya pili kwa kila sababu. Sababu iliyokula alama nyingi ndiyo tafakuri yako. Nyingine zipe mistari miwili. Badala ya "nimejifunza umuhimu wa kutunza muda", andika kwamba swali la 1 ulilitumia dakika 50, la 5 hukuligusa, na sasa unafanya nini, siku gani, saa ngapi, na utajuaje kwamba kimefaulu.

Sasa swali lako. Jibu ninalo, nimeliandika na kulifuta mara mbili. Tafakuri ni yako, na jina la juu ni lako. Jaza safu ya tatu kwanza. Ukishaijaza, kama bado utataka kuificha hiyo 47, niandikie, tubishane vizuri.

Dada yako anaulizia kikokotoo chake.

Mama yako